Usiri wa Mshiriki Ungo

Nchi hii ipo, ila ramani zake zote ziliazimwa na Wizara kwa ajili ya maonyesho na hadi leo hazijarudishwa, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta. Inatosha kujua kwamba ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko pumzi za waimbaji, na ilikuwa na magereza yaliyojaa hata wafungwa wapya wakawa wanaambiwa wasubiri nje, wapange foleni, na wasitoroke.

Serikali ililiona tatizo hilo, ikakaa, ikafikiri, ikanywa chai, ikaunda Idara ya Adhabu za Nje. Zamani mkosaji alilishwa na serikali, akalazwa na serikali, akalindwa na serikali, jambo lililowachosha wote wawili. Chini ya Idara mpya mkosaji alikula kwake, akalala kwake, na asubuhi akaenda kutumikia adhabu mahali pa wazi: kufagia, kuzibua mitaro, au kupaka chokaa mawe ya kando ya barabara. Ufagio alikuja nao mwenyewe. Wataalamu walisema ni hatua kubwa ya utu, na haikupatikana sababu ya kuwabishia.

Miongoni mwa wakosaji hao alikuwamo Sikudhani binti Mbwiga, mjane wa makamo, muuza mihogo ya kuchemsha, aliyetiwa hatiani kwa kosa la kucheka.

Ilikuwa hivi. Mkuu wa Jimbo alikuja kuzindua bomba la maji. Palikuwa na ngoma, hotuba na utepe. Mheshimiwa akaufungua mfereji kwa mkono wake mwenyewe. Mfereji ukakohoa kama mzee aliyeamshwa, ukatulia, kisha akatoka mjusi. Mjusi akawatazama wageni, akamtazama Mkuu wa Jimbo, akarudi ndani. Watu walicheka, tusidanganyane; hata mpiga picha wa serikali alicheka. Lakini wengine walicheka mapema na kunyamaza mapema. Kicheko cha Sikudhani kilikuwa na tabia yake tangu utotoni: kilichelewa kuja na kilichelewa kuondoka. Kilifika wakati uwanja mzima ukiwa kimya, Mheshimiwa akijifuta jasho.

Hakimu alikuwa mtu wa haki. Alisema kucheka pamoja na umma ni maoni, bali kucheka peke yako ni uchochezi. Akampa miezi mitatu ya kufagia Uwanja wa Uzinduzi, ule ule wenye bomba.

Sikudhani hakulalamika. Alichofanya ni kuhesabu kwa vidole, na vidole vikamwambia kwamba adhabu ingekwisha Jumatano, na Jumamosi yake ndiyo harusi ya Zawena, mwanawe wa pekee. Akashusha pumzi. Siku tatu zilitosha kuoga na kusuka nywele.

Hapo inafaa kueleza jambo moja la Jimbo lile. Kule harusi haiwi harusi bila kuitikia mlangoni. Shangazi wa bwana harusi husimama kizingitini akamwita mama wa bibi harusi kwa jina lake, jina la baba yake na jina la babu yake. Mama, akiwa ndani, huitikia: "Nipo, na nimekubali." Huitwa mara tatu, basi. Akinyamaza hata ya tatu, wageni hubeba vyungu vyao wakarudi kwao, na hapana wa kuwalaumu. Wala hapana wa kumwitikia: si kaka, si mjomba, si mkuu wa nchi. Mtaa wa pili alikuwapo mama mmoja aliyepotewa na sauti kwa mafua asubuhi ya harusi ya bintiye. Binti yule bado yuko nyumbani. Siku hizi anavaa miwani.

*

Basi mwezi wa kwanza wa adhabu ya Sikudhani, Idara ilipata maadili.

Kabla ya hapo watafiti walikuwa wakija wanavyotaka, kwa sababu mkosaji ni mtu rahisi kumtafiti: anajulikana aliko, na hawezi kuondoka. Watafiti wa kwanza waliwagawa wakosaji mafungu mawili. Fungu moja likapewa chakula cha mchana, jingine likanyimwa, ili ionekane ni lipi litatengemaa upesi. Walionyimwa wakaiba chakula cha waliopewa. Taarifa ikahitimisha kwamba chakula cha mchana huchochea wizi, kikafutwa kwa wote. Mtafiti mwingine alimhoji mtu aliyekuwa ndani ya shimo la choo alilokuwa akilichimba, akaiondoa ngazi ili mahojiano yasikatizwe, kisha akakumbuka kwamba ana mkutano.

Maneno yakafika mbali. Ikaamriwa kwamba Idara iwe na Kanuni za Maadili ya Utafiti, na aliyezitunga alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, Profesa Mtarajiwa Erasto Kamgisha. Neno "Mtarajiwa" lilikuwa sehemu ya cheo chake. Uprofesa ulikuwa umeahidiwa, umeandaliwa, hata joho limeshonwa. Ulibaki utafiti mmoja tu. Utafiti huo aliuita "Athari za Ufagio kwa Tabia ya Mwananchi", na aliukusudia uwe wa maadili kuliko wote uliowahi kufanyika chini ya jua.

Wakosaji waliitwa wakapangwa mstari mbele ya bomba.

"Ndugu wakosaji," alisema Profesa Mtarajiwa kwa kipaza sauti, ingawa walikuwa wachache na karibu, "Kanuni ya Kwanza inasema hakuna atakayetafitiwa ila kwa hiari yake. Haya, nani anajitolea kwa hiari?"

Hakujitolea mtu. Mjusi alichungulia mferejini, akarudi.

"Mnaona?" Profesa Mtarajiwa aliwageukia maofisa wake kwa huzuni. "Hawana hiari. Siwalaumu. Hiari haiji kwa kulala, hiari ni zao la mafunzo. Nchi zilizoendelea zina hiari nyingi kwa sababu zilianza mapema."

Kwa hiyo ikaandaliwa Semina ya Hiari. Kuhudhuria kulikuwa lazima, na mlango ulitiwa kufuli ili hiari isivuje kabla haijakolea. Walipewa soda. Ilipofika jioni kila mmoja alikuwa amekwisha kuweka dole gumba, isipokuwa Sikudhani, aliyenyoosha mkono.

"Mheshimiwa, nikikataa je?"

"Una haki kamili ya kukataa, mama! Tena tunaipigania haki hiyo."

"Basi nakataa."

Ukumbi ukapiga makofi, na Profesa Mtarajiwa mwenyewe akapiga. "Hongera sana! Utakuwa katika Kundi la Waliokataa. Ni kundi muhimu kuliko yote, kwa sababu ni lazima tutafiti nini humpata mtu asiyetafitiwa."

"Kundi hilo lina watu wangapi?"

"Uko peke yako. Ndiyo maana hatuwezi kukupoteza."

*

Kanuni ya Pili ilisema mshiriki asidhuriwe, na ya Tatu ilisema asijulikane. Hii ya Tatu ndiyo Profesa Mtarajiwa aliyoipenda kuliko wanawe. Majina ya wakosaji yalifutwa kila mahali yalipokuwa. Kwa kuwa namba zinafanana sana na magereza, kila mmoja alipewa jina la chombo cha jikoni: mmoja akawa Kinu, mmoja Mwiko, mmoja Chungio, mmoja Kibao. Sikudhani akawa Mshiriki Ungo. Tangu hapo mtu yeyote wa Idara ambaye angetaja hadharani jina halisi la mshiriki angetumikia adhabu ya nje miezi mitatu, awe nani au awe nani. Maneno "awe nani au awe nani" Profesa Mtarajiwa aliyaongeza kwa mkono wake, akayapigia mstari.

Wa kumhoji Ungo alikuwa Afisa Maadili, kijana mpole aitwaye Tumsifu Ngajilo. Alikuja kila Jumatatu na kiti cha kukunja, akakiweka katikati ya uwanja, akaketi akimpa Sikudhani mgongo.

"Mwanangu," alisema Sikudhani siku ya kwanza, "mbona unanipa mgongo? Nimekukosea nini?"

"Hapana, mama. Ni usiri. Nikikuona nitakujua."

"Si ulinunua muhogo kwangu juzi? Ukaomba pilipili ya nyongeza, na hukuilipia."

"Mama, tafadhali! Hilo lilifanywa na mtu mwingine kwa mtu mwingine." Alikohoa, akashika kalamu. "Pole kwa swali linalokuja. Kanuni ya Pili inataka nikupe pole kabla, usije ukadhurika. Je, umeamkaje?"

"Salama."

"Pole. Je, ufagio umekubadilisha?"

"Umenibadilisha mgongo."

"Pole sana. Kwa kadiri gani? Kidogo, wastani, au sana?"

"Njoo uiname hapa dakika tano, halafu uchague mwenyewe."

Tumsifu akaandika "wastani". Hakuwa mtu mbaya. Baada ya Jumatatu kadhaa alianza kuleta mwavuli na kuunyoosha nyuma bila kugeuka, ili kivuli kimwangukie Mshiriki asiyemjua. Sikudhani naye alikuwa akimwekea kipande cha muhogo juu ya begi lake, na Tumsifu alikila akitazama mbele, kama mtu aliyekiokota.

*

Jumatano ikafika. Sikudhani alifagia uwanja kwa mara ya mwisho, akaukung'uta ufagio, akajitanda kanga ya heshima, akaenda kwenye kibanda cha Idara kilichoko pembeni mwa uwanja kuaga. Tumsifu alimtambua kwa hatua, akageukia ukuta.

"Mwanangu, nimekuja tuagane. Miezi yangu imetimia."

Tumsifu alifungua begi lake, akalifunga tena.

"Pole kwa habari inayokuja," alisema hatimaye.

"Wacha pole zako. Sema."

"Mahakama ilileta amri kwamba mtu mmoja, sitaki kumtaja, aachiliwe. Idara ikatafuta ndani ya Idara nzima. Ikajibu kwa uaminifu kwamba hatuna mtu wa jina hilo. Tuna Kinu, tuna Mwiko, tuna Chungio, tuna Kibao, tuna Ungo."

"Na Mahakama ikasemaje?"

"Ikasema kama hayupo, basi ametoroka. Imetoa hati akamatwe."

Sikudhani aliweka ufagio chini. "Kwa hiyo Sikudhani ametoroka."

"Sijasikia jina hilo, mama."

"Na Ungo je?"

"Ungo anaendelea. Mpaka utafiti ukamilike."

"Unakamilika lini?"

"Matokeo yakipatikana."

"Yatapatikana lini?"

"Hilo nalo linatafitiwa."

"Lakini kwenye semina mlituambia mtu anaweza kujitoa."

"Ipo, mama! Kanuni ya Tano." Sauti ya Tumsifu ilichangamka, maana aliipenda kanuni ile. "Unajitoa wakati wowote, huulizwi sababu, hulaumiwi. Unachotakiwa ni kuja kwangu na kutamka jina lako tu."

"Na nikilitamka?"

Kalamu ya Tumsifu ikaanguka. Ilionekana hakuwa amewahi kufika mpaka hapo. "Nitakuwa nimemjua mshiriki," alisema polepole. "Nami ni Afisa Maadili. Na wewe utakuwa yule anayetafutwa."

"Mwanangu, Jumamosi Zawena anaolewa. Nitaitwa mlangoni kwa majina matatu. Niitikie kama nani?"

Tumsifu alikuwa mtoto wa Jimbo lile. Mama yake mwenyewe aliitikia mlangoni mara mbili, kwa dada zake wawili. Aliegemeza paji la uso ukutani, na kwa mara ya kwanza hakutoa pole.

Alhamisi polisi wakaanza msako. Koplo Nguvumali, mtu mzima mwenye viatu vinavyolia, alifika uwanjani akamkuta mama anafagia.

"Shikamoo, dada," alisema, kwa kuwa alikuwa na adabu. "Namtafuta mwanamke wa makamo, si mrefu si mfupi, anacheka kwa kuchelewa."

"Marahaba. Ndiye mimi."

Koplo akaziba masikio. "Dada, usinifanyie hivyo! Nimeambiwa hapa ni eneo la usiri. Mimi natafuta tu. Kupata hakumo katika kazi niliyopewa leo." Akazunguka uwanja mzima, akachungulia ndani ya bomba, akasalimiana na mjusi, akaenda zake.

*

Sikudhani alikwenda kwa mkubwa. Profesa Mtarajiwa alimpokea vizuri, akiwa nyuma ya pazia, na kilio kilipomfikia alitoa leso.

"Mama Ungo, mimi si jiwe. Idara hii haijawahi kumzuia mzazi kufurahi. Utakwenda harusini!"

"Mungu akubariki, Mheshimiwa."

"Utakwenda kama Ungo. Utavaa gunia la usiri, lenye matundu ya macho, limefuliwa. Idara itakusindikiza. Nitakuja mwenyewe."

"Na kuitikia je?"

"Utaitikiwa."

"Na nani?"

"Na Idara."

Ijumaa mchana Sikudhani na Zawena walikuwa wakichambua mchele uani, mama kwa ungo halisi.

"Mama, kesho usipoitikia, wakwe zangu wa Mabonde hawangoji," alisema Zawena. "Unamjua yule Shangazi Kalunde. Atabeba vyungu hata kama vina moto."

"Nitaitikia."

"Ukiitikia utakamatwa. Yule koplo nimesikia anakuja; amealikwa na upande wa bwana harusi, ni binamu yao."

"Na anikamate. Atamkamata mtu aliyekwisha kuitikia."

Zawena alitupa kokoto nje ya mchele kwa hasira. "Kicheko chako ndicho kimetufikisha hapa."

"Kwani wewe hukucheka?"

"Nilicheka kwa wakati, mama!"

Walitazamana. Zawena akacheka kwanza. Mama yake alimfuata baadaye sana, mchele ukiwa umekwisha kuingia chunguni, na machozi ya kicheko ya Zawena yalikuwa yamekauka.

*

Jumamosi Idara iliwasili harusini kwa magari mawili. Waliteremsha meza, bendera ndogo, kipaza sauti na Mshiriki Ungo, aliyekuwa ndani ya gunia la mahindi lenye maandishi ya kilo tisini. Walimwongoza hadi chumbani kupitia mlango wa mbele, katikati ya majirani zake wa miaka yote.

"Wananchi," alitangaza Profesa Mtarajiwa, "mnaombwa msimtambue mama huyu."

"Sikudhani, gunia limekupendeza!" alipiga kelele jirani mmoja.

"Mnaombwa sana!"

"Hatumtambui, Mheshimiwa," alijibu mwingine. "Ila mwambie namdai sahani."

Tumsifu aliweka kiti chake uani, akaketi akiutazama ukuta wa jikoni. Koplo Nguvumali alikuwa amekaa kati ya wageni, sare yake imepigwa pasi, hati ya kukamata ikiwa mfukoni pamoja na kadi ya mwaliko. Mkekani vilipangwa vyungu vya watu wa Mabonde, vimefunikwa kwa majani ya migomba.

Shangazi Kalunde akasimama kizingitini. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto.

"Sikudhani, binti Mbwiga, wa Chilumba! Upo?"

Profesa Mtarajiwa aliruka. "Samahani, mama! Jina hilo halitumiki. Mwite Mshiriki Ungo."

Shangazi alimtazama kuanzia viatu hadi kipara. "Baba, nimekuja kuoza kijana wangu. Nyungo ninazo kwangu."

Watu wakaguna. Ndani kimya. Sikudhani alikuwa amesimama nyuma ya mlango, jasho likimtiririka ndani ya gunia, na kwenye matundu ya macho aliona kitu kimoja tu: mkono wa Zawena wenye hina, umeshika ukingo wa kitanda.

"Sikudhani, binti Mbwiga, wa Chilumba! Upo?"

Kipaza sauti kikakoroma. "Idara ya Adhabu za Nje," alisema Profesa Mtarajiwa kwa sauti ya hotuba, "inapenda kuthibitisha kwamba mhusika yupo, ila hajulikani, na kwamba kwa mujibu wa mwelekeo wa takwimu, huenda amekubali."

Shangazi Kalunde aliinua kidole tu, na vijana wa Mabonde wakainama wakashika vyungu. Bwana harusi alijiinamia, akawa anayahesabu majani ya migomba. Mama yule wa mtaa wa pili, aliyepotewa na sauti mwaka ule, alisimama katikati ya umati akafunika mdomo.

"Nakuita mara ya mwisho. Sikudhani, binti Mbwiga, wa Chilumba! Upo?"

Mlango ulifunguka. Gunia lilitoka kwanza, limetupwa. Likaangukia meza ya Idara, likaifunika bendera. Nyuma yake akasimama Sikudhani, nywele zimesukwa, uso umelowa.

"Nipo," alisema. "Na nimekubali."

Vigelegele vilipaa. Vyungu vilirudi chini kwa mshindo, kimoja kikapasuka, na hakuna aliyejali. Katikati ya vigelegele hivyo Profesa Mtarajiwa aliona joho lake likipeperuka mbele ya macho yake na kwenda mbali. Kundi zima la Waliokataa lilikuwa limesimama mlangoni, linajulikana na kila mtu.

"Koplo!" alipaza sauti, akasahau kwamba kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni. "Huyo si mshiriki wetu! Huyo ni mtoro! Mkamate! Mkamate Sikudhani binti Mbwiga wa Chilumba!"

Jina lilikwenda mpaka sokoni, likagonga kuta za Mahakama, likarudi. Vigelegele vikakoma.

Koplo Nguvumali alisimama, viatu vikalia. Akaisoma hati yake taratibu, maana ndiyo kwanza aifungue. "Inasema akamatwe popote alipo, arejeshwe mikononi mwa Idara bila kuchelewa." Akatazama huku na huku. "Idara si ndiyo hii?"

"Ndiyo hii," waliitikia wageni.

"Dada, samahani." Akamshika Sikudhani mkono kwa vidole viwili, kama anayemsaidia kuvuka mtaro, akamtembeza kutoka upande mmoja wa mkeka hadi upande wa pili. "Mheshimiwa, nimemrejesha. Pokea."

"Nimpokee kama nani?" alisema Profesa Mtarajiwa.

"Kama ulivyomtaja."

Ndipo kiti cha kukunja kilipolia. Tumsifu Ngajilo alikuwa amegeuka. Alimtazama Sikudhani usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayelinganisha sura na sauti, kisha akafungua begi lake, akapangusa unga wa muhogo, akatoa amri ya Mahakama.

"Imetukalia ofisini tangu Jumatano," alisema. "Mtu huyu akipatikana, Idara imwachilie mara moja. Amepatikana." Akageuka. "Mama, nenda zako. Yaani, kaa. Uko kwako."

Hivyo Sikudhani alikamatwa, akarejeshwa na akaachiliwa juu ya mkeka mmoja, kabla wali haujapoa. Mahakama baadaye iliusifu mfano huo wa taasisi tatu kufanya kazi pamoja.

Tumsifu alikuwa hajamaliza. Alikuwa mtaratibu, na wataratibu ni watu wa kuogopwa wakishaanza. "Mheshimiwa," alisema kwa upole, "pole kwa swali linalokuja. Ni nani wa Idara aliyetaja jina la mshiriki hadharani?"

Profesa Mtarajiwa akafungua mdomo. Kipaza sauti kikakoroma kwa niaba yake.

"Awe nani au awe nani," alisoma Tumsifu. "Imepigiwa mstari."

*

Profesa Mtarajiwa Kamgisha aliipokea adhabu kwa hadhi. Alifagia Uwanja wa Uzinduzi miezi mitatu, kwa ufagio aliokuja nao, na kwa kuwa Kanuni ya Tatu haibagui, alifutwa jina akaitwa Mshiriki Kifuniko. Katika mwezi wa pili uprofesa wake ukafika, kwa barua yenye muhuri wa dhahabu, ukimtaka ajitokeze kuvishwa joho. Idara ilitafuta ndani ya Idara nzima. Ikajibu kwa uaminifu kwamba haina mtu wa jina hilo. Joho alipewa aliyefuata.

Inasemekana utafiti wa ufagio bado unaendelea. Mjusi amehama; amehamia kwenye bomba jipya.

Sikudhani alirudi kwenye mihogo yake. Asubuhi moja Tumsifu alifika mezani pake, bila kiti, bila kalamu, akasimama mbele yake uso kwa uso. Ilimchukua muda kuzoea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe una macho makubwa."

"Nina swali moja. Si la Idara, ni langu. Unaweza kukataa."

Sikudhani alimenya muhogo wake hadi mwisho, akaupanga sahanini.

"Nakataa," alisema.

Tumsifu alingoja kile ambacho kwa kawaida hufuata baada ya mtu kukataa. Akakumbuka kwamba safari hii hakuna kitakachofuata.

"Haya, mama. Asante."

"Pilipili?"

"Ndiyo. Na leo nailipia."

Alilipa, akachukua muhogo wake, akaenda. Alivuka barabara, akapita kibanda cha Idara, akampungia mkono aliyekuwa akifagia uwanjani. Alikuwa amekwisha kukata kona ya soko, watu wameendelea na shughuli zao, ndipo kicheko cha Sikudhani kilipofika.